Hotuba Iliyomzika Baba

Baba yangu, Mzee Khalfani, alikuwa mshenga. Cherehani ndiyo iliyotulisha, lakini jina alilipata kwa mdomo. Mtu akitaka kuposa kwa watu wagumu alimfuata yeye, na walimfuata kutoka Mbagala mpaka Madale. Alikuwa akivaa kanzu, akikaa jamvini, na kabla kahawa haijapoa wenye binti walikuwa wameshaanza kucheka. Mimi ni mwanawe wa kiume wa pekee, na kwenye mdomo ule sikurithi hata tone. Nikisimama mbele ya watu watano ulimi unaganda.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaenda nao. Anaelewa kila kitu, lakini akitaka maji hutoa mguno tu, na usipomwelewa anakasirika, kisha analia. Kitu kimoja tu kilibaki kizima: aliyoyahifadhi utotoni kwenye chuo cha Kurani. Ukimwanzishia Fatiha ataimaliza bila kukwama. Daktari alisema hutokea hivyo. Dada yangu Rukaiya ndiye anayemwogesha na kumlisha. Mimi namnyoa na kumkata kucha.

Mimi ni karani wa ghala moja kando ya barabara ya Pugu, mwaka wa tisa sasa. Mwaka huu msimamizi wetu alistaafu, na meneja akaniita ofisini.

"Mwishehe, kazi unaijua kuliko wote humu," akasema. "Lakini msimamizi anaongea na madereva, na wateja, na mabosi. Wewe ukiulizwa kitu unatazama viatu. Usaili ni baada ya miezi miwili. Katafute mdomo."

Ndipo nikajiunga na klabu ya wazungumzaji. Walikutana kila Jumamosi jioni katika darasa la shule moja Segerea, watu kama ishirini, wengi wametoka makazini. Mwenyekiti alikuwa Gladness, mwanamama wa benki mwenye sauti ya kutulia. Kila anayesimama hupewa dakika saba. Nyuma ya darasa alikaa Audax na kengele ya mezani, na kila ukisema "aaa" au "yaani" anaigonga. Siku yangu ya kwanza nilizungumzia ghala, na Audax aliigonga mara kumi na tisa. Watu walicheka kwa upendo, ndivyo walivyosema, lakini mimi kicheko nakijua.

"Umetuambia habari za maboksi," Gladness akasema alipokuwa akinitathmini. "Mara nyingine tuambie kitu kinachokuuma."

Nilirudi Gongo la Mboto na hasira zangu. Kinachoniuma nilikuwa nacho nyumbani, kimekaa barazani kwenye kiti cha plastiki.

Jumamosi ya tatu nikasimama nisimulie habari za baba. Nilianza na ushenga wake, kanzu yake, kahawa yake. Nilikusudia kufika kwenye kiharusi, Mungu shahidi. Lakini katikati nikaona mmoja anachungulia simu, mwingine anapiga miayo, na jasho likaanza kunitoka. Hapo ulimi ukateleza wenyewe, nami nikauachia. Nikasema siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta viatu vingi mlangoni, na baba amefunikwa shuka. Nikasema mdomo ule uliowaoza mabinti wa mji mzima haukuniachia hata neno moja la kuagana.

Mwenye simu akaiweka mfukoni. Kengele haikulia hata mara moja. Gladness alifuta machozi kwa upindo wa mtandio, na jioni ile nikachaguliwa mzungumzaji bora. Waliponiuliza lini, nikasema mwezi uliopita. Walipouliza nyumbani ni wapi, nikasema Gongo la Mboto, ila wasijisumbue, matanga yameshapita. Sikujiona mwongo sana. Yule baba wa kwenye hotuba, yule mwenye mdomo, alikuwa amekufa kweli, nilijiambia, na hakuna aliyewahi kuja kunipa pole kwa ajili yake.

Nilichosahau ni mji ninaoishi. Dar mtu anaweza asijue jina la ukoo wako, asijue una watoto wangapi, lakini ukimwambia umefiwa ataitafuta nyumba yako mpaka aipate.

Jumapili iliyofuata, mchana, nilikuwa barazani namkata baba kucha. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeshaumaliza, nimeushika bado kwenye kiganja changu, najiandaa kwenda kwenye ule uliolala.

"Hodi wenyewe!"

Walikuwa watatu. Gladness amejifunga khanga na kujitanda nyingine, Audax amebeba mfuko wa mchele, na nyuma yao Mashaka, mwalimu wa sekondari, mwanachama mwenzetu, amevaa kofia na kushika sukari.

"Mwishehe, kaka, tusamehe," Gladness akasema. "Ulisema tusijisumbue, lakini msiba ni msiba. Tumeulizia jina lako kwa bodaboda mpaka tumefika. Pole sana kwa kuondokewa na mzee." Kisha akamgeukia baba, akapiga goti. "Shikamoo mzee. Poleni sana."

Baba akamtazama yeye, akautazama mchele, kisha akanitazama mimi. Niliona anavyoelewa, hatua kwa hatua, kama alivyoelewa kila kitu maisha yake yote.

"Mzee hawezi kusema," nikawaambia. "Anaumwa."

"Maskini," Mashaka akasema. "Na ni nani kwako, ndugu yangu?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema neno moja tu, nikafukuzwa klabuni, nikachekwa mpaka Segerea, na yakaisha. Nilikuwa bado nimeushika mkono wake.

"Ni baba mkubwa," nikasema. "Kaka yake marehemu."

Sauti haikutetemeka. Hapakuwa na "aaa", hapakuwa na "yaani". Audax mwenyewe asingepata pa kugonga kengele.

Baba akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Basi, tumsomee marehemu," Mashaka akasema, akainua viganja. "Al-Fatiha."

Baba akainua kiganja kimoja, kile chenye kucha fupi. Akasoma. Alisoma kwa sauti ya zamani, ile ya jamvini, kila neno mahali pake, macho yakiwa usoni mwangu tangu mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kuogopa kama siku ile. Alipomaliza wote wakaitikia amina, na Gladness akalia tena.

"Mashallah," Mashaka akasema. "Hasemi, lakini hii imenyooka."

Nilipogeuka nikamwona Rukaiya mlangoni, ameshika sinia la maji ya wageni. Alisubiri waondoke, wapotee kwenye kona, ndipo akauchukua ule mchele akautupia miguuni kwangu.

"Huu sipiki," akasema. "Mie siwezi kupika mchele wa msiba wa mtu ninayemwogesha kila asubuhi. Kampikie wewe uliyemzika."

Nikapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, mie... aaa... yaani, nilikuwa..." Akafumba macho. Nikauchukua mkono wa kulia ili nimalizie kucha. Akaufunika kwa ule mzima, akaukandamiza pajani. Kucha zile alikuja kuzikata Rukaiya.

Klabuni sikurudi. Usaili ulipofika niliketi mbele ya mabosi watano, nikawatazama machoni, nikajibu kila walichouliza, na kazi nikaipata. Siku niliyopewa barua nilirudi mapema. Baba alikuwa barazani, Rukaiya akifagia uwanja. Nilitaka awe wa kwanza kujua, kwa sababu mdomo ule niliutafuta ili siku moja anisikie.

"Shikamoo, baba."

Aligeuza shingo polepole. Akatazama mlangoni, kisha akatazama barabarani nyuma yangu, akimtafuta huyo baba ninayemwamkia. Rukaiya akaacha kufagia. Nikaamkia tena, taratibu, kila neno wazi kama nilivyofundishwa.

Akageuka tena kutafuta.