Kigoda Chenye Mwenyewe

Siku ya kwanza mzee Khoát kula kwa Mama Thược, alifukuzwa kigodani.

"Wee mzee! Hapo pana mwenyewe!" Mama Thược alimfokea, upawa wa supu mkononi. "Vigoda vyote hivi, umeona hicho tu?"

Khoát akahamia mlangoni, uso umemshuka. Hakusema yeye ni nani. Angeanzia wapi? Mkewe, Nhàn, alikula phở, supu ya tambi na nyama, hapa kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na kila asubuhi alimwambia, "Twende wote leo." Naye, fundi saa aliyejaa maringo, alijibu kwamba hawezi kukaa kwenye vigoda vya kitoto na kugongana magoti na watu. Basi Nhàn akawa anamletea tambi zake ndani ya kikebe cha bati, na bwana mkubwa ananuna kwamba supu imepoa. Ndivyo alivyokuwa, jamani. Sasa Nhàn hayupo, wiki ya pili hii, na mzee amekuja kumtafuta kwenye supu.

Akaja kesho yake, na keshokutwa. Kufikia mwezi wa pili Mama Thược hakumuuliza tena anataka nini. Akimwona tu, anamkatia nyama nyembamba, bila kitunguu. Wateja nao wakamzoea.

"Babu Mlangoni, mbona umechelewa? Mke kakuficha viatu?"

Alicheka nao, kisha akainamia bakuli lake. Kigoda kile cha pembeni alichofukuzwa hakikukaliwa na mtu.

Ikafika siku ya mia tangu msiba, siku ya kumwekea marehemu chakula alichokipenda mbele ya picha yake. Ni chakula gani atakachompelekea zaidi ya phở? Lakini hapo ndipo alipogundua kwamba hajui mkewe aliipenda vipi. Ndoa ya miaka arobaini na mbili! Aliona aibu peke yake chumbani. Akachukua kikebe, mpini wake umefungwa waya wa shaba aliousokota mwenyewe, akatoka.

"Nijazie kama anavyokula mke wangu," alisema.

"Mkeo nitamjulia wapi, babu? Mimi watu nawajua kwa bakuli zao." Mara Mama Thược akauona ule waya. "Hiki si kikebe cha dada Mafuta? Yuko wapi? Nilidhani kaenda kwa mwanawe, atarudi."

"Amefariki. Leo siku ya mia."

Mama Thược akaweka upawa chini, foleni ikasimama.

"Mafuta mengi juu, vitunguu vizima viwili, ndimu hataki hata kuiona," alisema. "Na miaka yote hiyo anaweka kofia yake kwenye kigoda cha mbele yake, mtu asikae. Tukimtania, 'Dada, unamwekea bwana gani?' anasema, 'Mzee wangu. Mkaidi yule, lakini atakuja tu.' Ndicho kigoda nilichokufukuzia, babu."

Akamshika mkono, akamketisha pale. Kilikuwa kifupi kweli. Magoti yalimfika kifuani. Mbele yake, alipokuwa akikaa Nhàn, palikuwa patupu. Mama Thược akaleta bakuli mbili, moja akaiweka upande wa pili, mafuta yakimeremeta juu.

Khoát akavua kofia, akainama, akaiweka kwenye kigoda cha Nhàn.

"Nimekuja," alisema, na duka zima likamsikia.