Zamu ya Nyumba ya Kandida

Hivi wewe, umewahi kuacha sukari kwa ajili ya Kwaresima, katika mwaka ambao sukari yenyewe haionekani? Basi pale Babati, mwaka ule wa foleni ndefu kwenye duka la ushirika, karibu parokia nzima iliacha sukari. Padre Severine alicheka palepale kanisani: "Nyie hamjaiacha sukari. Sukari ndiyo imewaacha. Tafuteni kitu kingine!"

Kandida, au Mama Sylvesta, mjane wa kule Bagara, alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Yeye aliacha ugoro. Lakini kungoja hakuweza kuacha.

Jumuiya yao ilikuwa na desturi ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumatano ya Kwaresima, na sala ikiisha mwenye nyumba anawapa watu chai. Walisali jua likiwa bado juu, maana mafuta ya taa nayo yalikuwa ya kutafuta. Basi kila Jumatano Kandida alifagia uwanja, akasiriba sakafu kwa samadi mbichi, akatandika kitambaa cheupe mezani chini ya msalaba. Kitambaa chenyewe alikifua kwa majani ya mpapai, kwani sabuni ilishakuwa hadithi. Kisha akakaa mlangoni.

Wanajumuiya wakaja wakiimba, wakapita.

"Shikamoo, Mama Sylvesta!"

"Marahaba. Leo ni wapi?"

"Kwa Ursula, pale juu. Twende!"

Naye akabeba kigoda chake, akawafuata.

Walikuwa wanamruka kwa huruma. Mwenyekiti wao, Mzee Paskasi, alikuwa amesema mjane yule chai ataitoa wapi, wasimwaibishe. Maneno hayo Fabiola, jirani yake, alimletea Kandida yakiwa bado ya moto.

"Si umwambie Mwenyekiti aje?"

"Nijialikie sala kama naalika harusi? Waje wenyewe."

"Haya, endelea kusiriba. Sakafu yako itafika darini."

Walicheka wote wawili. Ila Fabiola alipoondoka, Kandida alikitazama kile kitambaa cheupe. Mara ya mwisho watu kusali humo ndani ni siku ya kumzika mumewe, Mzee Tluway. Walisali huku wanalia, wakaondoka, na tangu hapo nyumba haikusikia tena wimbo wa watu wengi. Alitaka uingie humo kabla ya Pasaka, na Jumatano ilibaki moja tu.

Jumapili iliyofuata Padre hakuwaacha waondoke baada ya misa. "Kaeni," alisema. "Tunaitaka parokia yetu iweje huko mbele? Semeni, ndilo tutakaloliombea siku hizi za mwisho za Kwaresima."

Mzee Paskasi alisimama wa kwanza. Alitaka kanisa kubwa, la matofali na bati.

"Sementi utaitoa wapi?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Utajenga kwa ugali wa yanga?"

Kanisa likaangua kicheko, maana ule unga wa njano ulikuwa umewachosha wote. Wanakwaya wakaomba kinanda. Katekista Damasi akaliombea dizeli gari la parokia, ambalo lilikuwa limesimama mpaka kuku wakaanza kutagia kwenye viti.

"Liacheni," akasema Fabiola. "Angalau linatoa mayai!"

Watu wakiwa bado wanacheka, Fabiola huyohuyo akamfinya Kandida pajani. Mfinyo ulikuwa mkali. Kandida akajikuta amesimama.

"Karibu, Mama Sylvesta," Padre akasema. "Wewe je?"

Kandida alitaka kukaa, lakini Fabiola alikuwa ameshakivuta kigoda.

"Padre, mambo ya bati mimi siyajui," alianza. "Hiyo parokia mnayoitafuta, kila Jumatano inapita mlangoni kwangu inaimba, haiingii. Mwenyekiti, mnanihurumia mpaka mnaniruka. Chai sina, na sitaitafuta. Maji ya kisima yapo, ya baridi kabisa. Nataka Jumatano hii msali kwangu. Na muimbe kwa nguvu, Tluway alizikwa kwa kilio, sasa nataka nyumba yake isikie wimbo."

Na Jumatano ile wimbo haukupita tena mlangoni kwa Kandida; uliingia ndani.