Jina la Mkamwana

Mama Hawwash alikuwa hakai wala hasimami. Anafika dirisha la karani wa hospitali, anarudi kwenye benchi alipoketi mkamwana wake na kichanga cha siku moja, kisha huyo tena. Saa ya ukutani ilikaribia sita kasoro robo. Leo Ijumaa, saa sita kamili faili za waliojifungua zinapelekwa kwa Shirika la wakimbizi, na faili yao ilikuwa na kosa.

Kosa lenyewe alilifanya yeye. Jana asubuhi uchungu uliwatoa hemani mbiombio, wakaisahau kadi ya ukimbizi. Karani akauliza, "Mgonjwa anaitwa nani?" Karani mwenyewe mwanamume, tena Mlebanoni. Kwao, kandokando ya mto Frati, jina la mwanamke wa nyumba halitajwi mbele ya mwanamume baki. Ni sawa na kumvua ushungi sokoni. Basi akajibu, "Mama Khalaf," kwa jina la mjukuu aliyemngojea. Karani akaandika hivyo hivyo. Khalaf akatoka msichana.

Leo kadi imeletwa, nayo inasema jina jingine. Shirika hulipa robo tatu ya gharama za uzazi, lakini humlipia mwenye kadi, si Mama Khalaf ambaye hajawahi kuwapo duniani. Robo yao walikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la Mama Hawwash. Hizo tatu hawangezipata hata wakiuza hema na vilivyomo. Na bila malipo, hati ya kuzaliwa ya mtoto ingebaki ndani ya mtoto wa meza.

"Niache nikaseme mwenyewe, mama," mkamwana alisema, akajikokota hadi dirishani, mkono tumboni.

Karani hakumruhusu kumaliza. "Dada, aliyeandikisha ndiye anayesahihisha. Nani aliandikisha?"

Mama Hawwash akasogea. Nyuma yake, kwenye foleni, alisimama Baba Dahham, msimamizi wa kambi yao, ameshika shavu kwa maumivu ya jino. Habari ikimwingia huyo asubuhi, adhuhuri kambi nzima imeshiba.

"Taja jina lake, Hajati."

"Si unayo kadi? Soma."

"Nimesoma. Nataka nisikie kwako."

"Macho unayo, unataka na masikio?"

Foleni ikacheka. Karani naye alitaka kucheka, akajizuia.

"Andika mke wa Hawwash."

"Hawwash hakuzaa, Hajati. Yuko wapi kwanza?"

"Kwenye viazi. Akiacha siku moja, shamba linapata mwingine."

Karani akaitazama saa. Mama Hawwash akauingiza uso karibu na tundu la kioo, akanong'ona.

"Sisikii. Jenereta hiyo."

Akanong'ona tena. Karani akatikisa kichwa, akaanza kukusanya faili nyingine.

"Ghosoun," alisema Mama Hawwash, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ghosoun binti Turki. Umeridhika?"

Baba Dahham alikuwa ameinua uso, anachunguza dari kama fundi aliyeitwa kuitengeneza.

Karani akakata jina la zamani, akaandika jipya. "Na wewe shahidi, jina?"

"Mama Hawwash."

Kalamu ikawekwa chini. "Huko tumeshatoka."

Akamgeukia Ghosoun amsaidie. Ghosoun naye hakulijua. Miaka miwili hema moja, sufuria moja, na hakuwahi kulisikia jina la mama mkwe wake. Dakika nne zilibaki. Mama Hawwash akaushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Wadha."

Ghosoun akamtazama kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni.

Mhuri ukashuka. Pindo likafunguliwa, robo ikapita chini ya kioo, faili ikaingia kwenye rundo la Shirika. Karani akavuta mtoto wa meza, akaitoa hati.

"Bado nafasi moja hapa, Hajati. Mtoto anaitwa nani?"

Mama Hawwash alikuwa ameshafika mlangoni, ushungi ameuvuta hadi puani.

"Muulize mama yake," alisema bila kugeuka. "Mimi majina yameniishia."