Sukari ya Kalondu

Mutheu aligundua kwanza kwamba strungi, chai yake isiyo na maziwa, aliyosahau kutia sukari ilikuwa tamu. Akaonja ya jirani yake, Wakarima. Tamu pia, na Wakarima hakuwa na sukari nyumbani.

Nyuma ya pazia nyanyake, Kalondu, alikuwa ametoka kumeza antibiotiki aliyopewa baada ya kupasuliwa nyonga, pamoja na vidonge vyake vya kila siku vya kisukari. Alitoka jasho, mikono ikimtetemeka. Kila alipoimeza, sukari ilimtoka mwilini na kuingia kwenye vikombe vya wapangaji wote wa ploti yao pale Kawangware. Haikuingia kwenye uji. Chai tu.

Ploti ilifurahi. Asubuhi Kavoi, fundi wa viatu, alibisha mlango na kikombe mkononi.

"Mutheu, shosho amemeza?"

"Bado."

"Mwambie aharakishe, nachelewa job."

Kalondu alicheka kitandani. "Kavoi, hata bibi yako hajawahi kukutengenezea chai hivi." Alipenda kuwa na kazi tena.

Ijumaa Kalondu alimwita Mutheu kwa jina la dadake mwenyewe aliyekufa zamani, kisha akalegea, mwili baridi. Mutheu, ambaye hakuwa mtu wa kuomba majirani kitu, alichukua sufuria akapita mlango kwa mlango akikusanya chai za watu. Hakuna aliyekataa, ila Wakarima aliomba abakishiwe kidogo. Kalondu bado aliweza kumeza. Mutheu akamnywesha polepole mpaka akauliza ni nani aliyezidisha tangawizi.

Kavoi aliazima mkokoteni, wakatandika godoro, wakampeleka hospitali alikopasuliwa. Daktari alibadilisha dawa.

"Ile ya kwanza ikikutana na vidonge vyake vya kisukari, inashusha sukari sana. Hasa kwa wazee. Hutokea."

"Si mngetuambia?" Kavoi akauliza.

"Hamkuuliza."

Kalondu alikuwa ameshapata nguvu, akimtania nesi kuhusu viatu vyake. Mgonjwa aliyefuata alikuwa mzee Gichuru, mguu umefungwa bendeji, vidonge vyake vya kisukari vikionekana mfukoni mwa shati. Daktari alimwandikia dawa ileile ya kwanza. Gichuru alishukuru akatoka.

Daktari alivuta kikombe chake cha strungi. Mezani hapakuwa na sukari wala kijiko. Nyuma yake, ng'ambo ya ukuta, ilikuwa wadi ya wazee.

"Hapa kwetu chai haitaki kitu," alisema, ameridhika. "Inakuja tamu yenyewe."

Mutheu alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Daktari," alisema, "hiyo sukari ni ya watu."