Siku Chiriku Alipofungua Mfuko

Kiingereza kina vidudu vitatu ambavyo vimeninyima raha tangu nianze ualimu: "a", "an" na "the". Lugha yetu inaishi raha mustarehe bila hata kimoja. Sisi tukisema yai limevunjika, basi limevunjika, na anayetaka kujua ni yai gani aangalie sakafuni. Mwingereza hatulii mpaka akuambie kama wewe na yai hilo mmeshawahi kukutana.

Mimi si mwalimu wa kubembeleza. Darasa la tano wananiita Pilipili, na wanadhani sijui. Lakini nina njia yangu. Vitabu havitoshi, kimoja kinagombaniwa na watoto wanne, kwa hiyo sarufi naifundisha kwa mikono. "A" ni kugonga dawati kwa kidole kimoja, kama mgeni anayebisha hodi, maana kitu hicho ndiyo kwanza kinaingia kwenye mazungumzo. "An" ni mgeni wa aina hiyohiyo, ila anabisha kwa vidole viwili, kwa kuwa neno linalofuata linaanza kwa sauti ya irabu. "The" ni kiganja kifuani: huyu tunamjua, keshaketi, keshapewa maji ya kunywa.

Na sentensi nazo nimezigawia safu. Safu ya dirishani ni ya taarifa, sentensi zinazosema jambo lao na kutua. Safu ya pili inauliza, nyusi juu. Ya tatu inaamuru kwa kidole kilichonyooka. Ya nne, ya ukutani, ni ya mshangao, na humo nimewarundika wapiga kelele wote, mikono kichwani, ili angalau kelele zao zipate kazi.

Ubaoni huwa naandika kifungu kimoja: "A girl has an egg. The egg is in a bag. Where is the bag? Open the bag! What a big egg!" Msichana ana yai, yai limo mfukoni, mfuko uko wapi, fungua mfuko, lo, yai kubwa jamani! Sarufi ya muhula mzima imo ndani ya yai hilo moja. Tunakisoma wote kwa pamoja, vidole vinagonga, viganja vinapiga vifua, mpaka mwalimu wa hesabu wa chumba cha jirani anapiga ukuta akiomba tumwonee huruma.

Safu ya tatu, dawati la mbele, aliketi Chiriku. Jina hilo wenzake walimpa kwa utani, maana chiriku mwenyewe, yule ndege, hafungi mdomo, na msichana huyu alikuwa haufungui. Alikuwa na kigugumizi kizito. Akisoma pamoja na wenzake sauti ilitoka laini kabisa. Akisimama peke yake, herufi ya kwanza ilimkwama kooni, shingo ikakakamaa, macho yakajaa maji. Kwenye karatasi alikuwa hashikiki, lakini shule yetu ina mtihani wa kusema. Kila mtoto wa darasa la tano husoma peke yake mbele ya mwalimu mkuu, na asiyesikika hapandi darasa. Chiriku alikuwa ameshalirudia darasa la tano mara moja kwa sababu hiyo tu.

Siku moja kabla ya mtihani, baba yake alikuja kuniona. Ni fundi rangi, mtaa mzima unamwita Fundi, na viatu vyake vina madoa ya kila nyumba aliyowahi kupaka. Kigugumizi cha binti kilitoka kwake.

"Mwalimu," alisema, akavuta pumzi. "A-a-akianguka tena, na-namchukua."

"Unampeleka wapi, Fundi?"

Akanionyesha ndoo ya rangi aliyoiacha mlangoni.

"Lakini mtoto huyu anapenda shule, baba."

"Na mimi ni-nilipenda." Alitazama brashi mkononi mwake. "Wa-walinicheka mpaka nikaacha. U-ukuta haumcheki mtu."

Mimi, Pilipili mzima, nikageuka wa kubembeleza. Nilimwomba tu aje kesho yake, akae nyuma ya darasa, amsikie mwanawe kabla hajakata shauri.

Alikuja. Aliketi kwenye benchi la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, na ndoo yake kando. Mwalimu mkuu aliketi kwenye kiti changu, tai imekaza shingo. Si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu akishausema hausemi mara mbili. Watoto walisimama mmoja mmoja, wakasoma, wakaketi. Mmoja wa safu ya ukutani aliitoa "What a big egg!" kwa nguvu kiasi kwamba mwalimu mkuu alishika tai yake.

Ikafika zamu ya Chiriku. Alisimama, akautazama ubao, akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Midomo ilitetemeka, mishipa ikasimama shingoni. Mwalimu mkuu alisubiri, nitampa haki yake, alisubiri sana. Kisha akafungua kalamu. Kule nyuma Fundi aliinamisha kichwa akaanza kukwangua rangi kwenye ukucha wa dole gumba, na mkono wake wa pili ukashika mpini wa ndoo.

Ndipo nikasikia kidole kikigonga dawati.

Kilitoka safu ya dirishani. Cha pili kikajibu kutoka ukutani, kisha darasa zima likawa linagonga, taratibu, pole pole kuliko nilivyowahi kuwafundisha. Na chini ya mlio huo ikaanza sauti ya watoto wengi, ndogo, karibu ya kunong'ona: "A girl has an egg." Sauti ya Chiriku ilikuwa humo ndani. Niliisikia.

"Peke yake," alisema mwalimu mkuu bila kugeuka. "Nilisema peke yake."

Niliona wazi kitakachotokea: watanyamaza wote kwa mpigo, naye ataanguka kama mtu aliyeondolewa ngazi. Lakini hawakunyamaza kwa mpigo. Walionyamaza kwanza ni safu ya ukutani, wale wapiga kelele wangu, wale ambao hawajawahi kunyamaza hata wakila. Wengine wakaendelea: "The egg is in a bag." Safu ya dirishani ikasema taarifa yake mpaka mwisho, nayo ikakaa kimya. Safu ya pili ikauliza mfuko uko wapi, ikaacha. Ilibaki safu ya tatu peke yake, safu ya Chiriku, vidole vimenyooka, na hao nao wakaanza kupungua, dawati la nyuma, dawati la kati, mwisho msichana aliyeketi naye bega kwa bega.

"What a big egg!" alisema Chiriku, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa akisema.

Nani aliwafundisha? Si mimi. Watoto hawa hawawezi kupanga foleni ya maji bila kusukumana, na sasa walikuwa wamemshusha mwenzao chini mkono kwa mkono, wakamwachia pale tu miguu ilipogusa ardhi. Niliwatazama kama sijawahi kuwafundisha hata siku moja. Niliwaogopa kidogo, nasema kweli.

Nilidhani yameishia hapo. Chiriku hakuketi. Aliurudia ubao kutoka juu, peke yake, akigonga paja lake kwa kidole. Msichana, yai, mfuko. Kwenye "Open" alikwama, na darasa zima likashika pumzi bila kugusa dawati. Aligonga paja, akagonga tena, na mfuko ukafunguka.

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Amesikika," alisema, akaandika.

Kule nyuma benchi lililia. Fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Mwa-mwa-mwalimu," alianza. "N-n-n..."

Neno likagoma. Nilimwona akipigana nalo, mtu mzima mbele ya watoto wa darasa la tano, mahali kama pale alipochekwa zamani. Uso wake uligeuka kuelekea mlangoni.

Chiriku alinyoosha kidole akagonga dawati. Akagonga tena. Safu ya ukutani ikaingia, kisha ya dirishani, kisha madawati yote, pole pole, na hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu mkuu akafunga kalamu yake. Nikajikuta na mimi nagonga mlango wa kabati.

Fundi alimtazama binti yake. Alivuta pumzi, akasubiri mlio wa kidole, akalipachika kila neno juu yake.

"Ndoo," alisema. "Nitabeba. Mwenyewe."