Fedha ya Pete ya Roda

Mwaka ule wa 1998 Barnaba alikuwa ameuchoka usonara. Tangu biashara ya mpakani na Zambia ifunguliwe na bidhaa za ng'ambo kumiminika, watu wa Tunduma walijinunulia pete za kung'aa za sokoni, naye akabaki kuunga mikufu iliyokatika. Mgongo ulimuuma. Macho yalimwasha kwa moshi wa mkaa.

Alasiri moja akaingia mama mmoja wa kijiji cha Hasamba, jina lake Roda. Alifungua fundo la kanga, akamwaga mezani visarafu vyembamba vya fedha, vimeingia weusi, wala hakuna kilichokuwa duara sawasawa.

"Nataka pete, fundi. Ya ndoa."

Barnaba alisogeza kimoja kwenye mwanga. Upande mmoja msalaba. Upande wa pili mfalme mwenye taji. Nyundo ilikuwa imeteleza, mfalme akapata pua mbili.

"Umevitoa wapi, mama?"

"Ni vya mume wangu, Hezron. Alimtunzia bustani nesi mmoja Mwingereza, jirani na Misheni ya Mbozi. Baba wa yule nesi aliviokota akilima shamba lake, huko kwao. Nesi alisema ni vya kale mno, enzi ambazo mafundi waligonga sarafu mojamoja kwa nyundo. Alipoondoka akamwachia."

Barnaba akaitazama tena ile pua. Akilini alimwona fundi wa huko, mkono umekufa ganzi, anagonga tu ili jua lizame.

"Nikiviyeyusha havirudi. Dar kuna watu wa makumbusho, wangependa kuviona."

"Hezron hafiki Dar," Roda alisema, bila hata nguvu ya kubishana. "Hafiki hata mlangoni. Tumezaa, tumezika, ndoa ya kanisa tukawa tunasema baada ya mavuno ya kahawa, baada ya mavuno ya kahawa. Sasa anaitaka mwenyewe. Mchungaji atakuja nyumbani Jumapili."

Barnaba akampima kidole. Kifundo kilikuwa kimevimba kwa kazi na kwa kumgeuza mgonjwa kitandani.

"Itapita hapa kwa shida, ikishapita italegea."

"Ipite tu."

Akavukuta moto. Kile cha pua mbili alikiweka kando, akakitamani, kisha akaona fedha haitatosha. Akakitia pamoja na vingine. Wafalme wakalegea wote, wakawa tone moja jeupe.

Jumapili Hezron alimvisha Roda pete ile mwenyewe, ameegemezwa mito, akihangaika na kifundo mpaka ikapita. Kabla kahawa haijaiva shambani, akafariki.

Baada ya matanga Roda alikuja Tunduma kumpa Barnaba habari. Alizisema kwa ufupi, akaomba maji, na kabla hajayamaliza akasinzia palepale kwenye benchi. Barnaba alichukua kikombe mkononi mwake taratibu. Akaiacha kazi, akaketi mlangoni, na wateja waliokuja akawanong'oneza warudi kesho.