Simu ya Fundi Lydiah

Fundi Lydiah, mshonaji wa mtaa wa Tena, Nairobi, alikuwa haandiki vipimo vya mtu kwa kitabu. Zamani alikuwa anaandika. Halafu siku moja mteja mmoja, akingoja zipu yake pale kwa benchi, akachukua kile kitabu ajipepee, akakifungua, na kufika jioni kiuno cha Mama Sally wa kwaya kilikuwa kinajulikana mpaka kwa muuza makaa. Mama Sally alinuna mwaka mzima. Kutoka hiyo siku Lydiah akawa anapimia watu nyuma ya pazia, anainamia simu na kuinong'onezea, kifua hivi, kiuno hivi, rekoda ya simu inabeba sauti. Siku ya kukata anaweka simu kwa sikio, anasikiliza, anachora na chaki. Wanawake waliipenda hiyo siri. Wakaanza kuja kutoka hata mtaa wa Tassia.

Simu yenyewe ilikuwa na miaka minne. Kioo kilikuwa kimepasuka kona mbili, na moto wa chaji ulikuwa unaingia tu ukilaza simu ubavu na kuweka mkasi juu ya waya wa chaja. Ndirangu, kifungua mimba wake, alikuwa anaona aibu kwa niaba yake. Yeye kila mwaka lazima abadilishe simu, iwe imeharibika ama haijaharibika.

"Mathe, hiyo sasa ni ya kupeleka museum," akamwambia. "Watu wanabadilisha kila mwaka. Ukizembea sana, miwili."

"Nani alipanga hivyo?"

"Hakuna mtu alipanga. Ni venye watu wanafanya."

Lydiah akachoka kubishana. Jumamosi Ndirangu akaleta simu ingine kutoka kwa Masinde, fundi wa simu kule Umoja. Walikuwa wamepatana ile ya zamani ipelekwe kwake, bei ipunguzwe. Asubuhi hiyo wakahamisha namba za watu na picha. Kazi ya mwisho ikaachiwa Shiku, dadake Ndirangu, msichana wa miaka kumi na sita.

"Futa kila kitu," Ndirangu akamwambia. "Nikitoka kuoga naipeleka."

Sasa, Shiku hakuwa mtu wa kuita mtu mbele ya watu. Darasani alikuwa anajua jibu na anakaa nalo mpaka kengele inalia. Simu ikamuitisha namba ya siri, na mamake alikuwa ameibadilisha hiyo wiki. Akaenda nayo hadi kwa kibanda cha kushona, akasimama nje ya pazia. Ndani kulikuwa na mteja, kwa benchi kulikuwa na wengine watatu, wote wanacheka kitu. Alifungua mdomo mara mbili. Halafu akatoa laini, akazima simu, akarudi nyumbani. Ndirangu alipouliza, akasema, "Tayari."

Siku tatu akawa anamkwepa mamake. Simu ya mamake, na meseji zake na picha zake zote, ilikuwa kwa mtu asiyemjua, na yeye alikuwa amedanganya.

Jumanne kitambaa cha kwaya kikafika. Magauni tisa ya wanawake wa kanisa, ya kuvaliwa Jumapili. Lydiah akanawa mikono, akatandika kitambaa kwa meza, akafungua rekoda ya ile simu mpya. Hakukuwa na kitu.

"Ndirangu, sauti zangu ziko wapi?"

Ndirangu alikuwa amepitia hapo na chapati mkononi. Akachukua simu, akapekua hapa, akapekua pale, akaacha kutafuna.

"Rekoda haikuhama, mathe. Tulihamisha namba na picha."

"Basi ziko kwa ile ya zamani."

"Ya zamani Shiku alifuta."

Lydiah akakaa kwa kiti cha cherehani. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimmaliza Shiku, aliyekuwa hapo anasaidia kwa vile shule zilikuwa zimefungwa. Wawili kati ya wale wanawake walikuwa wameenda mazishi Bungoma, wanarudi Jumamosi jioni. Na Mama Sally, aliyebembelezwa mwaka mzima ndio akubali kupimwa tena, alikuwa amesema wazi kwamba kiuno chake kikipotea mara ya pili, yeye na kwaya yote watatafuta fundi mwingine. Kwaya ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya Lydiah. Hizo zingine zilikuwa za kupunguza suruali na kubadilisha zipu.

"Sikufuta," Shiku akasema.

Sauti ilitoka ndogo, Ndirangu akaendelea kuongea bila kuisikia, ati kuna program ya kurudisha vitu vilivyofutwa, ati kuna jamaa anamjua.

"Wewe nyamaza kidogo," Lydiah akamwambia. "Shiku, rudia."

"Sikufuta, mum. Iliitisha namba ya siri, na ulikuwa na watu. Nikaona haya kukuita. Nikasema tu nimefuta."

Akangoja kofi, akangoja maneno. Alipoinua macho mamake alikuwa anatafuta viatu chini ya meza.

"Fungeni kibanda," Lydiah akasema. "Tunaenda Umoja."

Ndirangu akajikuna shingo. "Kuna kitu ingine, mathe. Masinde amekuwa akinipigia. Kama mara sita hivi. Nilidhani anataka kunirudishia hiyo simu, nikaacha kushika."

"Kumbe niliwazaa wawili, na hakuna hata mmoja anaongea."

Walitembea haraka, Lydiah mbele. Masinde walimpata ameinamia simu ya mtu na bisibisi kama sindano. Kuona Ndirangu, akaweka bisibisi chini polepole.

"Huyu hapa," akasema. "Nimekupigia mpaka nikadhani umehama Kenya. Umeniletea tofali, buda. Imefungwa, siwezi kuiuza. Na nikifuta kwa nguvu itaitisha akaunti ya mwenyewe."

"Kwa hivyo hujafuta?" Lydiah akauliza.

"Nifute aje, mama? Si iko hapo kwa droo, inakula tu nafasi."

Lydiah akashika ukingo wa meza, akapumua pumzi moja ndefu, kama mtu ametua mtungi kutoka kichwani. Masinde akaweka simu kwa chaja, ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Akamulika tochi kwa tundu la chaji, akacheka.

"Mama, wewe ni mshonaji?"

"Kwa nini?"

"Humu ndani kuna sweta nzima."

Lydiah akatoa sindano kwa ukosi wa blauzi yake, akampa. Masinde akachokora, na ikatoka pamba ya nyuzi, ya buluu, ya maruni, ya kijani, rangi za yunifomu za shule zote za karibu. Moto ukaingia kwa simu mara moja, imelala chali, bila mkasi. Lydiah akaandika namba ya siri, akafungua rekoda, akabonyeza ya kwanza.

"Mama Sally," simu ikanong'ona kwa nguvu pale dukani, "kiuno—"

Lydiah akaifunika na viganja vyote viwili. Kulikuwa na wateja wawili kwa kaunta.

"Mimi sijasikia kitu," Masinde akasema.

Zote zilikuwepo, tisa na zile za miaka ya nyuma. Lydiah akauliza hiyo simu ina ugonjwa gani mwingine. Masinde akaigeuza, akaibonyeza mgongo. Betri imechoka, akasema, na kioo ni hicho anaona. Zaidi ya hapo, nzima.

"Basi weka betri na kioo, na uchukue hii nyingine yako. Haina hata mkwaruzo."

"Mathe," Ndirangu akasema, "miaka minne na simu moja."

"Cherehani yangu ina miaka kumi na saba. Ikiruka uzi naipaka mafuta, siitafutii mrithi. Yako wewe ina miezi mingapi?"

"Tisa."

"Na imekukosea nini?"

Ndirangu akaangalia simu yake kama anaitafutia kosa. Lydiah akamwambia hii yake ataibadilisha siku itakayoshindwa kumsikia, na hiyo siku atasema mwenyewe, hatahitaji kalenda ya mtu. Masinde akakubali kubadilishana, akakata pesa za betri na kioo, akarudisha zilizobaki, na kwa huruma akanakili zile sauti zote kwa memori kadi ndogo.

Saa tisa kitambaa kilikuwa tena kwa meza, na kadi imeshonewa ndani ya mfuko wa aproni. Lydiah akashika chaki, akampa Shiku simu.

"Weka kwa sikio, uniambie. Wewe sauti yako haivuki pazia."

Shiku akasikiliza, akanong'ona bega, akanong'ona kifua. Mamake akachora. Gauni la kwanza likakatwa, mkasi unaenda vizuri.

"Shiku," Lydiah akasema bila kuinua kichwa, "kuna kitu kingine uliniambia umefanya na hujafanya?"

Shiku akafikiria kidogo.

"Vyombo vya asubuhi."

Lydiah akacheka mpaka chaki ikaanguka, na Shiku naye akacheka, kwa sauti, hata na wateja wakiwa nje kwa benchi.